Nyumba Njema Si Mlango: Ruzuku za Serikali, Wenye Nyumba na Wapangaji wa Uingereza

Wengi wetu tumewahi kuishi katika chumba cha kupanga, na baadhi yetu ndio wenye nyumba. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, tunaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Mwisho wa mwezi mmoja wetu anampelekea mwenzake kodi. Paa likivuja, kila mmoja ana neno lake. Mpangaji husema: kodi nalipa, mbona silali pakavu? Mwenye nyumba husema: kodi yenyewe haitoshi kumlipa fundi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Sasa tujiulize. Serikali ikijitokeza, ikampa mwenye nyumba fedha za umma atengeneze nyumba wanamokaa watu wa kipato cha chini, fedha hizo ni kwa ajili ya nani? Ni za paa, au ni za yule anayelala chini ya paa? Swali linaonekana jepesi, lakini lina mtego. Katika insha hii tunafuata historia ya nchi moja iliyolijibu kwa sheria, ikakosea mbele ya macho ya watu wote, kisha ikarudi kusahihisha. Nchi hiyo ni Uingereza, na miaka tutakayoitazama zaidi ni ile kati ya 1949 na 1974. Tumeichagua kwa sababu watu wa kanisa walikuwamo katika habari hiyo tangu mwanzo, mara kwa aibu na mara kwa heshima, na kwa sababu yaliyowapata wapangaji wa London yanaweza kumpata mpangaji wa mahali popote.

Nyumba iliyougua

Tuanze na Maandiko, maana suala la nyumba mbovu si geni humo. Katika Mambo ya Walawi sura ya 14 tunasoma habari ya nyumba iliyopatwa na pigo, kutani mmetokea madoa ya kijani au mekundu. Sisi tuliowahi kuishi katika chumba chenye unyevu na kuvu tunaielewa sura hiyo bila kufafanuliwa sana. Mwenye nyumba anatakiwa aende mwenyewe kwa kuhani kutoa taarifa. Kuhani anakuja kukagua. Mawe yaliyoharibika yanatolewa na kutupwa nje ya mji, mengine yanatiwa mahali pake, na nyumba inapigwa lipu upya. Pigo likirudi baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa.

Lakini kuna jambo dogo ambalo tunalipita haraka. Kabla kuhani hajaingia kukagua, anaagiza vitu vyote vitolewe kwanza nje, ili vilivyomo visije vikahesabiwa kuwa najisi pamoja na nyumba. Yaani sheria inamwangalia anayeishi humo kabla ya kuuangalia ukuta. Tena katika Kumbukumbu la Torati 22:8 anayejenga nyumba mpya anaamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mbele za Mungu nyumba si mali tupu. Ndani yake na juu yake wamo watu, na mwenye nyumba ataulizwa habari zao.

Tuyashike haya mawili tunaposonga mbele: ukuta unatengenezwa, na anayekaa humo analindwa. Historia tunayoisimulia ni ya taifa lililofanya la kwanza likasahau la pili.

Kodi iliyosimamishwa

Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyakazi wengi wa Uingereza walikuwa wapangaji wa wenye nyumba binafsi. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, maelfu ya watu walikwenda Glasgow kufanya kazi katika viwanda vya meli na silaha. Vyumba vikawa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi huku waume wa wengine wakiwa vitani. Mwaka 1915 wanawake wa mji huo, mmoja wa viongozi wao akiwa Mary Barbour, waligoma kulipa nyongeza hiyo. Walisimama milangoni na kwenye ngazi za majengo kuwazuia maofisa waliokuja kuwatoa watu nje. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ilipitisha sheria ya kusimamisha kodi za nyumba ndogo katika kiwango cha mwanzo wa vita. Vita vya pili vilipokuja mwaka 1939, kodi zilisimamishwa tena.

Sheria hiyo ilikuwa ya haki, na iliziokoa familia nyingi. Lakini tuseme na upande wa pili, maana hatumheshimu Mungu kwa kuficha nusu ya habari. Bei za mbao, risasi na saruji zilipanda mwaka hadi mwaka, ujira wa mafundi nao ukapanda, kodi ikabaki pale pale. Wenye nyumba wengi hawakuwa matajiri. Wapo waliokuwa na nyumba moja tu, waliyorithi au kuinunua kwa akiba ya uzeeni. Kwa mtu wa namna hiyo, kutengeneza paa kulikuwa ni kula hasara. Basi paa halikutengenezwa. Nyingi ya nyumba hizo zilijengwa katika karne ya 19, na choo kikiwa uani, mara nyingine kimoja kwa familia kadhaa. Sensa ya mwaka 1951 ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya kaya za England na Wales hazikuwa na bafu lililojengwa ndani. Watu waliogea katika karai la bati mbele ya moto jikoni, wakipokezana maji.

Ruzuku ya kwanza

Mwaka 1949 serikali ya chama cha Labour ilipitisha sheria mpya ya nyumba. Waziri aliyeisimamia alikuwa Aneurin Bevan, ambaye wengi wanamkumbuka zaidi kwa kuanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Wakati ule nyumba nazo zilikuwa chini ya Wizara ya Afya. Sheria iliziruhusu halmashauri kumpa mwenye nyumba binafsi ruzuku ya nusu ya gharama za kuiboresha nyumba yake. Nusu nyingine angetoa mwenyewe.

Ruzuku hiyo haikutolewa bure. Aliyeipokea alifungwa na masharti kwa miaka mingi: nyumba iendelee kuwa makazi, na kodi isivuke kiwango kilichowekwa. Walioitunga sheria waliona mbali. Walijua kwamba fedha za umma zikiingia katika mali ya mtu mmoja, lazima pawe na kamba ya kuzifunga kwa umma.

Tatizo ni kwamba kamba ilibana mno. Mwenye nyumba alipiga hesabu, akaona atatoa nusu ya gharama kutoka mfukoni kisha asipate nyongeza ya maana ya kodi, akaacha. Katika miaka ile ya kwanza waombaji walikuwa wachache sana. Mwaka 1954 masharti yakalegezwa. Mwaka 1959 ikaja ruzuku nyingine, rahisi zaidi kupata, kwa ajili ya vitu vitano vya lazima: bafu, beseni la kunawia, maji ya moto, choo, na mahali pazuri pa kuhifadhia chakula. Aliyetimiza vigezo aliipata kama haki yake, si kwa hisani ya ofisa. Kwa mama aliyekuwa akibeba ndoo za maji ngazi tatu kila asubuhi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Tusiidharau kazi hiyo kwa sababu ya makosa yaliyofuata.

Kanisa kama mwenye nyumba

Hapa tusimame kidogo tujitazame sisi wenyewe, maana kanisa nalo lilikuwa na nyumba za kupangisha. Kanisa la England lilimiliki ardhi nyingi London, na sehemu yake ilijaa nyumba chakavu za watu wa hali ya chini. Mwaka 1884 wasimamizi wa mali za kanisa hilo walimkabidhi mwanamke mmoja, Octavia Hill, baadhi ya nyumba zao za Southwark azisimamie. Walimchagua kwa sababu tangu mwaka 1865, kwa fedha za mwandishi John Ruskin, alikuwa ameonyesha Marylebone kwamba nyumba za maskini zinaweza kutunzwa vizuri na bado zikamrudishia mwekezaji asilimia 5 kwa mwaka. Yeye na wanawake wenzake walikwenda kukusanya kodi mlango kwa mlango kila wiki, wakimjua kila mpangaji kwa jina, na fedha za matengenezo zikibaki, wapangaji waliulizwa kipi kitengenezwe kwanza. Alikuwa mkali, asiyelipa hakuvumiliwa. Lakini habari inatuuma: waliohubiri habari za Mwana wa Adamu asiyekuwa na pa kulaza kichwa walikuwa na nyumba ambazo ilibidi mtu mwingine awafundishe kuzitunza.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1924, kasisi kijana wa Kianglikana, Basil Jellicoe, alianzisha chama cha kuboresha nyumba huko St Pancras, karibu na vituo vikuu vya reli vya London. Mtaa wake, Somers Town, ulijaa vyumba vyenye kunguni na panya. Chama kilikusanya fedha kwa hisa na michango, kikanunua nyumba mbovu, kikatengeneza zilizotengenezeka, na penginepo kikabomoa na kujenga magorofa. Jellicoe alisisitiza kwamba walioteseka katika nyumba za zamani ndio watakaohamia katika mpya. Siku moja ya kubomoa, chama kilitengeneza sanamu kubwa za panya na wadudu, kikazichoma moto hadharani huku watu wa mtaa wakishangilia. Jellicoe alifariki mwaka 1935, akiwa bado kijana.

Kisha akaja mchungaji Bruce Kenrick. Alikuwa ametumika kwa muda East Harlem, New York, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alihamia Notting Hill, magharibi mwa London. Sheria ya mwaka 1957 ilikuwa imeondoa udhibiti wa kodi kila chumba kilipoachwa wazi na mpangaji wake wa zamani. Tokea hapo mpangaji wa zamani akawa kikwazo cha faida. Mwenye nyumba mmoja wa mtaa huo, Peter Rachman, alijulikana nchi nzima kwa hilo: alinunua nyumba zenye wapangaji wa zamani kwa bei ya chini, watu wake wakawasumbua mpaka waondoke, kisha vyumba vikapangishwa kwa kodi kubwa. Wengi walioingia walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, ambao wenye nyumba wengine waliwafungia mlango kwa sababu ya rangi yao. Walilipa zaidi kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda.

Kenrick hakuishia kuhubiri dhidi ya wenye nyumba waovu. Mwaka 1963 alianzisha mfuko wa nyumba wa Notting Hill: kununua nyumba, kuzigawa na kuzitengeneza, na kuzipangisha kwa kodi ambayo familia iliweza kulipa. Mwaka 1966, tarehe 1 Desemba, yeye na wenzake walizindua Shelter, shirika la kuwatetea wasio na makazi, katika kanisa la St Martin-in-the-Fields katikati ya London. Wiki mbili kabla, televisheni ya BBC ilikuwa imeonyesha tamthilia ya familia iliyofukuzwa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka mama akanyang'anywa watoto, na taifa zima lilikuwa likizungumza habari hiyo.

Tunataja watu hawa watatu kwa sababu walielewa jambo moja ambalo sheria ya taifa ilikuwa inakaribia kulisahau. Walitengeneza nyumba, na mtu wa nyumba hiyo akabaki.

Mwaka ambao kamba ilikatwa

Kwa miaka mingi dawa kuu ya serikali kwa mitaa mibovu ilikuwa tingatinga: bomoa, jenga maghorofa marefu. Mwezi Mei 1968 jengo jipya la London, Ronan Point, lenye ghorofa 22, lilipasuka upande mmoja baada ya mlipuko wa gesi, watu wanne wakafa. Tayari watu walikuwa wamechoka kutawanywa. Mwaka huohuo serikali ilitangaza mwelekeo mpya: badala ya kubomoa, nyumba za zamani zifanywe makazi mapya. Ni wazo zuri, na sisi tungelipigia kura.

Sheria ikaja mwaka 1969. Ruzuku ya maboresho ikaongezwa hadi pauni 1,000 kwa nyumba ya kawaida, ikiwa nusu ya gharama. Halmashauri zikapewa uwezo wa kutangaza mitaa mizima kuwa maeneo ya kuboreshwa. Na ili wenye nyumba wasiogope tena kama mwaka 1949, masharti yaliyosalia yakafutwa. Mtu aliweza kupokea ruzuku, kuitengeneza nyumba, na kuiuza baada ya muda mfupi bila kurudisha hata senti moja.

Wenye nyumba wakaja mbio. Kati ya 1969 na 1973 idadi ya ruzuku zilizoidhinishwa kwa mwaka iliongezeka zaidi ya mara tatu. Tuseme kwa haki kwamba nyingi zilikwenda kwa watu wanaoishi katika nyumba zao wenyewe na kwa nyumba za halmashauri, nazo zikafanya kazi njema. Lakini katika mitaa ya ndani ya London, kama Islington na Kensington, jambo jingine lilitokea. Nyumba ndefu za karne ya 19, zilizokuwa zimegawanywa vyumba vya familia nne au tano, zilikuwa na thamani ndogo zikiwa na wapangaji ndani. Nyumba hiyohiyo ikiwa tupu, imetengenezwa kwa msaada wa fedha za umma, iliuzwa kwa bei kubwa kwa daktari au mwanasheria. Tofauti ya bei hizo mbili ilikuwa ni yule mpangaji.

Basi ikawa kazi kumtoa. Watu wa London walikuwa na neno la kazi hiyo, wamelitoa kwa walaji wa konokono wadogo wa baharini: kumchokoa kwa ncha ya pini mpaka atoke ndani ya gamba lake. Wengine walipewa fedha kidogo wahame, wakazipokea kwa kuwa hawakujua thamani ya walichokuwa wanakiacha. Wengine walisumbuliwa. Waliopanga vyumba vyenye samani ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi, maana sheria ya kuwalinda wapangaji ya mwaka 1965 haikuwapa ulinzi kamili. Kwao notisi ilitosha. Mapema zaidi, mwaka 1964, mwanasosiolojia Ruth Glass alikuwa ameitungia jina hali hii ya mitaa ya wafanyakazi kuchukuliwa kidogo kidogo na watu wenye uwezo. Sasa hali hiyo ilikuwa inalipiwa na hazina ya serikali.

Tufikirie maana yake. Mpangaji alilipa kodi miaka 20 katika nyumba isiyo na bafu. Alilipa pia ushuru na kodi za serikali katika kila alichonunua. Siku bafu lilipokuja, lililipiwa kwa sehemu na fedha zake yeye, na kwa sababu ya bafu hilo akatolewa. Ukipita mtaani ungeona maendeleo: milango imepakwa rangi mpya, madirisha yanang'aa. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ungefungua, ungekuta kila kitu ni kizuri, ila watu si wale.

Kurudi kwa masharti

Jambo hili halikufichika. Wapangaji walijiunga katika vyama vya mitaa, mashirika kama Shelter yakapiga kelele, na mwaka 1973 kamati ya bunge ikachunguza jinsi ruzuku zinavyotumika. Chama cha Conservative kilichokuwa madarakani kiliandaa mabadiliko. Kikashindwa uchaguzi wa Februari 1974. Labour kikaichukua kazi na kuimaliza. Ni nadra vyama viwili kuona kosa lile lile, lakini hapa viliona.

Sheria ya nyumba ya mwaka 1974 iliirudisha kamba. Mwenye nyumba aliyepokea ruzuku ya kuboresha nyumba ya kupangisha alipaswa kuendelea kuipangisha kwa miaka 5. Akivunja, halmashauri iliweza kudai fedha zake pamoja na riba. Katika maeneo mabovu zaidi, yaliyotangazwa kuwa maeneo ya hatua za pekee, muda ulikuwa miaka 7. Katika maeneo hayo serikali iliongeza upande wake pia: ruzuku ilifika asilimia 75 ya gharama, na kwa wenye shida kubwa asilimia 90. Mwenye nyumba akitaka kumpa mpangaji notisi ya kuhama, au akitaka kuuza nyumba yenye wapangaji, ilimpasa kwanza aiarifu halmashauri. Na aliyekataa kutengeneza aliweza kulazimishwa. Mwaka huohuo sheria nyingine iliwapa wengi wa wapangaji wa vyumba vyenye samani ulinzi waliokuwa wameukosa.

Tukiyaangalia masharti hayo tunaona hesabu imefanywa upya. Mwaka 1949 kamba ilikuwa nzito na msaada ulikuwa mwepesi, wenye nyumba wakakaa mbali. Mwaka 1969 msaada uliongezwa na kamba ikakatwa, wapangaji wakatolewa. Mwaka 1974 vyote viwili viliongezwa pamoja. Hata hivyo wenye nyumba binafsi wengi hawakupenda. Maombi ya ruzuku yakashuka sana, na hali mbaya ya uchumi nayo ikachangia. Baadhi waliona heri kuuza.

Lakini sheria hiyohiyo ilikuwa imeandaa mnunuzi. Vyama vya nyumba visivyotafuta faida, vingi vyao vikiwa vimeanzishwa na watu wa makanisa kama wale tuliowataja, vilipewa ruzuku mpya iliyolipa sehemu kubwa ya gharama ya kununua na kutengeneza, kwa masharti kwamba vipangishe kwa kodi ya haki iliyopangwa na ofisa asiye upande wowote. Kazi iliyoanza kwa michango ya sadaka ikawa sera ya taifa. Mtaa baada ya mtaa, nyumba za zamani zilitengenezwa zikiwa bado za watu wa kawaida.

Hatutaki kuimaliza habari hii kana kwamba kila kitu kilinyooka. Mwaka 1988 sheria nyingine iliondoa udhibiti wa kodi kwa mikataba mipya ya watu binafsi, na vyama vya nyumba vikalazimika kukopa zaidi katika mabenki. Sheria ya mwaka 1989 iliagiza ruzuku za maboresho zitolewe kwa kupima uwezo wa mwombaji. Hadi leo London ina watu wengi wasiomudu kodi. Kila kizazi kilipewa nafasi ya kukumbuka au kusahau.

Neno kwetu

Tunajifunza nini? Nehemia sura ya 5 inatusaidia. Watu maskini wa Yerusalemu walilia kwamba wamewekea rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka, na waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia aliwaita wakuu, akawakemea, nao wakaahidi kurudisha kila kitu. Wengi wetu tungeishia hapo, tufunge kikao kwa sala. Nehemia hakuishia hapo. Aliwaita makuhani, akawaapisha watu wale wafanye kama walivyoahidi, akakung'uta nguo yake mbele yao kuonyesha yatakayompata asiyetimiza. Hakuwachukia; aliwajua. Alijua kwamba nia njema ya siku ya mkutano inahitaji kufungwa kwa agano, la sivyo hesabu za kesho zitaishinda.

Huo ndio upungufu wa sheria ya 1969. Haikutungwa na watu wabaya. Iliamini kwamba ukiitengeneza nyumba, umemsaidia anayekaa humo. Haikumtaja kwa jina katika mapatano, na asiyetajwa alisahauliwa. Na upungufu wa 1949 nao ni somo: ukimfunga mwenye nyumba bila kumsaidia mzigo wake, atakukimbia, na paa litaendelea kuvuja. Haki inataka yote mawili, msaada unaotosha na sharti linaloshika.

Hatuhitaji kungoja serikali ili somo hili litufae. Sharika zetu nyingi zina nyumba za kupangisha, zilizoachwa kwa wosia au kujengwa kwa harambee. Mafundi wakiondoka na rangi ikikauka, jambo la kwanza linaloletwa kwenye kikao cha wazee huwa ni kodi mpya. Na huku mitaani tunajua jinsi inavyokuwa: maji yakiingizwa ndani na umeme ukivutwa, yule aliyevumilia miaka ya kisima na kibatari ndiye wa kwanza kupewa notisi. Tena wakati mwingine aliyevuta umeme ni yeye mwenyewe, kwa makubaliano ya mdomo kwamba atakatiwa katika kodi.

Basi tupendekeze jambo moja dogo. Kabla usharika haujaanza kutengeneza nyumba yake, na kabla mmoja wetu hajaita fundi, tuandike katika karatasi majina ya watu wanaoishi humo. Tuandike pia kodi wanayolipa leo, kodi watakayolipa kazi ikiisha, na ni kwa muda gani haitapanda. Mwenye nyumba atie sahihi, mpangaji atie sahihi, na mzee wa kanisa ashuhudie. Ikiwa usharika umechangia saruji, iandikwe pia kwamba akimtoa mpangaji kabla ya muda, atairudisha. Mwenye nyumba asione kwamba anatukanwa. Hata wakuu wa Yerusalemu waliapishwa. Na mpangaji asidhani kwamba sasa halipi. Kodi ya haki ni deni la haki.

Kazi ikiisha, tuikague nyumba kama kuhani wa Walawi alivyorudi baada ya kupiga lipu. Tutazame paa, kuta, choo na bafu. Kisha tugonge mlango, tusikilize ni nani anayeitikia kutoka ndani.